Kalamu Kumi na Mbili Nilizozifungia Kabatini

Sista Yusta, mkuu wa kituo, amenitaka niwaandikie ninyi wasichana mnaoanza mwaka huu. Nilimwuliza kwa nini mimi, mtu wa darasa la nne, niwaandikie watu waliomaliza kidato cha nne. Akasema niandike tu kuhusu kazi yangu. Siamini kama hiyo ndiyo sababu yote, maana namfahamu, huwa ana sababu ya pili nyuma ya ile anayoitaja. Lakini naandika. Shikamoo zenu nimezipokea kwa pamoja, hata za wale wanaoamkia huku macho yakiwa kwenye simu. Marahaba. Sasa wekeni simu chini.

Nimetunza chumba cha kompyuta cha kituo hiki cha ushonaji, hapa Msamala, miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo nilikuwa nalima mahindi Madaba na mume wangu. Alipofariki nikaja mjini kwa dada yangu, nikapata kazi ya kufagia hapa kituoni. Kilichonitoa kwenye ufagio kikanipeleka kwenye ufunguo ni gololi.

Ninyi gololi hamzijui. Mausi ya zamani ilikuwa na tumbo, na ndani ya tumbo mlikuwa na gololi nzito iliyovikwa mpira. Ukisukuma mausi mezani, gololi inazunguka na mshale kwenye kioo unatembea. Wasichana walikuwa wanazitoa wanakwenda nazo nyumbani kuwapa wadogo zao wachezee. Asubuhi mashine zinawashwa, mshale umesimama pale pale kama ng'ombe aliyegoma. Fundi Method, ambaye ndiye aliyekuwa anatutengenezea kompyuta miaka yote, alifungua mashine mbili nzima akatoa vitu vyote nje, akatokwa jasho, asione ubaya. Mimi nilikuwa nafagia chini ya meza. Nikamwambia, kabla hujaivunja hiyo nyingine, geuza hii mausi uitazame tumboni. Kati ya kumi na tano, kumi zilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo kipindi kikiisha nilisimama mlangoni, kila msichana ananigeuzia mausi yake niione gololi, ndipo anatoka. Walininunia. Walinipa jina pia, ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa Sista atasoma. Lakini haikupotea gololi nyingine, na Sista akanikabidhi ufunguo.

Fundi Method ndiye mwalimu wangu, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Alinifundisha kwamba mshale ukianza kurukaruka usiilaumu mashine. Toa gololi, chungulia ndani, utaona vigurudumu viwili vyembamba vimevaa mkanda wa uchafu. Hapa kwetu uchafu huo ulikuwa nyuzi za vitenge, kwa sababu wasichana walitoka kwenye cherehani moja kwa moja wakaja kwenye kompyuta. Unaukwangua kwa kijiti cha kiberiti. Usitumie kisu, wala sindano. Nilimwona mmoja akitumia sindano, nikamtoa nje.

Sasa, mkono unafundishwaje kushika mausi? Kwa gemu. Msicheke. Mwanamke aliyeshika jembe tangu ana miaka sita huwezi kumwambia leo ashike kitu kidogo, akisukume bila kukiinua, halafu abonyeze kwa kidole kimoja bila mkono wote kukaza. Tulikuwa na mama mmoja wa Mjimwema aliyeinua mausi hewani akaielekezea kompyuta kama anamwonyesha mgeni njia ya dukani. Mwingine aliisukuma mpaka meza ikaisha, akaniuliza kwa heshima kabisa sasa apite wapi. Nikamwambia inua, rudisha nyuma, endelea. Alishangaa kwamba inaruhusiwa.

Kwa hiyo Fundi Method alituwekea gemu ya shamba. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule. Kioo chote ni shamba lililogawanywa vijaruba. Ukipeleka mshale juu ya kijaruba bila kubonyeza, yanatokea maandishi madogo: hapa maji, hapa mbolea, hapa bado, hapa tayari. Yalikuwa ya Kiingereza lakini ni maneno manne tu, tuliyakariri siku moja. Ukibonyeza kitufe cha kushoto, unatenda. Kama panataka maji unamwagia, kama panataka mbolea unaweka, na kama kuna mmea ambao hautaki kitu unauvuna, uwe mkavu uwe mbichi, gemu haikuulizi. Kitufe cha kulia kinafungua ghala. Basi, ndiyo gemu yenyewe. Aliyetazama kwanza alifika mavuno. Aliyebonyezabonyeza alibaki na shamba tupu.

Mimi niliipenda gemu ile kwa sababu haikumdekeza mtu anayeamua haraka.

Kisha vikaja vishikwambi. Vilikuwa kumi na viwili, ndani ya maboksi mazuri. Wafadhili walivileta, wakapiga picha navyo, wakaondoka kabla hatujawasha hata kimoja. Sikupenda hilo. Kompyuta zilikuwa zimechoka, nusu haziwaki, na Sista akaamua zitolewe. Fundi Method akahamisha gemu ya shamba kutoka kompyuta ya zamani akaiweka kwenye vishikwambi vyote, akaandika maelekezo kwenye karatasi akaibandika ukutani: kugusa kwa kidole ni kama kitufe cha kushoto; kugusa na kutulia mpaka duara litokee ni kama kitufe cha kulia. Kila kishikwambi kilikuwa na kalamu yake, nyeupe, nyembamba, haina wino.

Nilizitazama kalamu zile nikaona gololi kumi na mbili. Siku ile ile nilizikusanya, nikazifunga kwenye kipande cha kitenge, nikazifungia kabatini, na ufunguo wa kabati nikauvaa shingoni pamoja na rozari. Fundi Method aliniambia kalamu ni za kutumia, si za kutunza. Nikamjibu kwamba vidole vinatosha, na kidole hakuna anayekiiba. Akacheka. Alikuwa anaondoka kwenda kufanya kazi Mbinga muhula wote, na hakuwa na muda wa kubishana na mimi.

Basi wasichana wakacheza kwa vidole. Wiki ya kwanza waliharibu mahindi mabichi kama nguruwe pori. Kosa halikuwa lao. Kwenye mausi ulikuwa unaweza kuelekeza bila kubonyeza, ukaona maandishi, ukaamua. Kwenye kioo hakuna kuelekeza. Kidole kikifika kimetenda. Msichana anataka tu kujua kijaruba kinataka nini, anakigusa, hindi changa limeng'oka. Na kidole chenyewe kimefunika kile anachotaka kukiona. Walijifunza kubahatisha kwa rangi za majani, na wengi wakaweza. Mimi nilisimama nyuma yao na rula, nikielekeza kwa karatasi ya Fundi. Mimi mwenyewe sikuwa nimekigusa hata kimoja. Sikuviamini.

Kitu nilichokigundua mapema ni alama. Kidole kinaacha mafuta kwenye kioo. Ukikiinamisha kishikwambi dirishani, unaona kila mahali palipoguswa. Nilikuwa navifuta vyote kabla ya kipindi cha kuchapa, na kipindi kikiisha nakiinamisha kimoja kimoja. Mwenye alama chini kabisa, kwenye herufi, alikuwa anachapa barua. Mwenye alama zilizotapakaa juu alikuwa shambani. Niliwakamata wengi kwa njia hiyo na hawakujua nawajuaje. Sasa mnajua.

Ndivyo nilivyomkamata Dafrosa, au nilivyodhani.

Dafrosa alitoka kijijini huko Namtumbo, mtoto wa wakulima wa tumbaku. Mpole, anashona vizuri sana, hasemi sana. Kioo chake kilikuwa hakina alama yoyote. Si juu, si chini. Kila siku safi kama sahani ya kanisani. Na kazi yake kwenye kioo ilikuwa hivyo hivyo: shamba halijapandwa, barua haijaandikwa. Nikamwuliza mbele ya wenzake kwa nini anakifuta kioo kabla sijakiona.

"Sikifuti, Bibi."

"Basi hukigusi."

"Nakigusa. Hakinitaki."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema labda kinaogopa tumbaku. Nikawanyamazisha, lakini moyoni nilikuwa nimeshakata shauri. Nilimbadilishia kishikwambi mara mbili. Vyote viwili havikumfanyia kazi, na vyote viwili, mwenzake akivigusa, vinafanya. Kwangu huo ukawa ushahidi. Nilimwona pia akibonyeza kwa nguvu hadi kucha inakuwa nyeupe, nikasema huyu atapasua kioo makusudi ili arudishwe nyumbani. Nikaenda kwa Sista nikamwambia msichana ni mvivu na mjanja, hataki kujifunza, na anaficha.

Ngoja niwaambie kilichokuwa kinamngoja, ili mjue uzito wa maneno yangu. Muhula ule kulikuwa na mtihani wa Jumatatu: kulima shamba moja hadi mavuno, kisha kuchapa barua moja ya kazi. Mwenye duka moja la steshenari mjini alikuwa ametuomba msichana anayejua kompyuta na kushona pia, maana duka lake lilikuwa na vyote viwili. Wanaoviweza vyote viwili vizuri hatukuwa nao wengi. Dafrosa alikuwa anaitaka nafasi ile. Baba yake naye alikuwa amesema wazi kwamba hawezi kulipia kituo kwa mtu asiyejifunza wakati tumbaku inataka mikono. Baada ya maneno yangu Sista alimwandikia baba barua aje Jumatatu asubuhi amchukue. Dafrosa hata asifanye mtihani.

Jumamosi mchana nilikwenda chumbani peke yangu kuvichaji na kuvifuta. Nikawaza, baba huyu anakuja, atasema vyombo vyetu ni vibovu. Wazazi wa namna hiyo nawajua. Nikaona nikiwashe kile cha Dafrosa, nilime kijaruba kimoja, ili akisema neno niwe na jibu. Nikaigusa picha ya gemu. Haikufunguka. Nikagusa tena, nikabonyeza, nikapiga kwa ncha ya kidole kama nilivyokuwa nawagonga wasichana kichwani. Kimya. Nikachukua kingine. Kimya. Nikajaribu vitano.

Nikakiinamisha kile cha kwanza dirishani.

Kilikuwa safi. Hakuna alama hata moja, na mimi mwenyewe nilijua nimekigusa mara kumi.

Nilikaa chini nikaitazama mikono yangu. Ngozi ya vidole vyangu imekuwa kama ya kisigino. Ni jembe, ni moto wa kuni, ni sabuni ya kufulia, ni kupukuchua mahindi kwa gumba. Haina mafuta, haina unyevu. Nikakumbuka mikono ya Dafrosa nilivyoiona ikishika kitambaa: ncha za vidole ngumu na nyeusi kwa utomvu wa tumbaku na moshi wa bani, lile banda wanamokaushia tumbaku huko kwao. Nililamba kidole nikagusa. Gemu ikafunguka. Nikagusa kijaruba, nikang'oa hindi bichi. Kidole kikakauka, kioo kikanisahau tena.

Ndipo nilipofungua kabati.

Nilitoa kalamu moja. Nilikuwa nimeishika juu kidogo ya kioo, nafasi ya punje moja ya mahindi, kwa sababu sikutaka kukigusa kabla sijajua itafanya nini. Na kabla sijakigusa, ukatokea mshale. Ule ule wa zamani. Nikaisogeza kalamu hewani, mshale ukaifuata. Nikaufikisha juu ya kijaruba, yakatokea yale maandishi: bado. Muhula mzima wasichana walikuwa wanalima gizani, na macho yao mimi nimeyafunga kwenye kitenge.

Nililima msimu wote pale, hadi ghala likajaa. Sikung'oa hata hindi moja bichi. Kisha nikazima.

Ningeweza kunyamaza. Nisiwadanganye, niliufikiria huo mpango. Jumatatu ningegawa kalamu nikasema zimefika juzi kutoka kwa wafadhili. Nilikaa na uongo huo nikaupima, ulikuwa unanitosha vizuri. Lakini ulikuwa hauwezi kumzuia baba, ambaye angepanda basi la kwanza na kumwondoa binti yake kabla ya mtihani. Barua ilikuwa imekwenda kwa maneno yangu, na maneno yangu tu ndiyo yangeweza kuifuta. Tena Fundi Method angerudi, naye alijua kalamu zilikuwepo. Sijui lipi kati ya hayo lilinisukuma zaidi. Wanaosema dhamiri peke yake iliwatosha, mimi huwa nawatazama mara mbili.

Nilimkuta Sista kwenye stoo ya vitambaa. Nikamweleza kwa kifupi, nikiwa nimesimama.

"Kalamu zilikuwepo?" akauliza.

"Zilikuwepo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akaendelea kukunja kitambaa hadi mwisho. "Dafrosa alikwambia nini?"

"Kwamba kinamkataa."

"Na wewe ukaniambia nini?"

Alikuwa anakumbuka vizuri. Akanyoosha mkono. Nikauvua ufunguo wa kabati shingoni, ukanasa kwenye rozari, ikabidi anisaidie kuutoa. Akasema Dafrosa atafanya mtihani, na kwamba habari hiyo siyo yeye atakayeipeleka bwenini.

Dafrosa alikuwa anafunga mizigo. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa kama za dukani. Nilimwambia kuhusu vidole vyangu na vyake, na kuhusu kabati. Alisikiliza. Nikampa kalamu, nikasema chumba cha kompyuta kiko wazi, ajaribu mpaka Jumatatu. Hakuipokea.

"Hiyo ikipotea, Bibi, utasema nani kaichukua?"

Miaka yote ile nimesimama mlangoni nikikagua mikono ya watoto wa watu, hakuna aliyewahi kunikagua mimi. Akasema niiweke juu ya kitanda niondoke, ataichukua mwenyewe akiona inafaa. Nikaiweka. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na Jumatatu usisimame nyuma yangu."

Jumatatu nilikaa nje kwenye benchi, mara ya kwanza chumba kile kufanya kazi bila mimi kuwemo. Baba yake alifika na mfuko mtupu wa kubebea vitu vya binti. Akanisalimia, akakaa pembeni yangu, akaitoa barua ya Sista mfukoni. Aliniuliza kama ni kweli mwanawe ni mvivu.

"Barua hiyo imetokana na maneno yangu, baba," nikamwambia. "Na maneno yangu hayakuwa kweli."

Nikamweleza, nikamwonyesha vidole. Alivitazama, akatoa vyake akaviweka karibu na vyangu, juu ya goti. Vilikuwa vibaya kuliko vyangu. Akasema mke wake naye yuko hivyo hivyo, na simu yao ya kugusa kijijini anaitumia mtoto wa jirani. Hakunilaumu kwa maneno. Lakini barua aliikunja akairudisha mfukoni, hakuitupa. Nadhani anayo hadi leo, na ningekuwa yeye ningeitunza pia.

Kupitia dirishani tulisikia kalamu zikigonga vioo, tik, tik, tik, kama kuku wanaodonoa bati. Sikuchungulia. Niwe mkweli, nilichungulia mara moja, lakini Dafrosa alikuwa amekaa upande ambao sikuweza kumwona, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Alikuwa wa nne. Shamba lake halikupoteza hindi hata moja, barua ilikuwa na makosa mawili. Kwa kuwa watatu waliomtangulia hawakujua kushona kola, nafasi ya steshenari akapewa yeye. Baba akapanda basi la mchana na mfuko wake mtupu.

Sasa ninyi mtaingia kwenye chumba kile. Kalamu ziko wazi mezani, Sista ndivyo alivyoagiza tangu siku ile. Zitumieni. Mwenye vidole vikavu asione aibu kusema, na asikubali kuambiwa ni mvivu. Kwenye zile gemu za zamani, inueni kalamu punje moja juu ya kioo, someni kwanza, ndipo mguse. Msibonyeze kwa nguvu, kioo hakisikii zaidi kwa sababu umekasirika. Na kitu kikigoma kwa mtu mmoja tu, msidhani mmeshapata mkosaji. Mimi nilidhani hivyo, tena nilikuwa na ushahidi mkononi. Ushahidi wenyewe ulikuwa wa kweli. Mimi ndiye niliyeusoma vibaya.

Mwezi uliopita nilikwenda mjini kujaza fomu yangu ya kustaafu. Siku hizi fomu hizo zinajazwa kwenye kioo na unasaini humo humo. Nilikwenda kwa Dafrosa, steshenari sasa ni ya kwake. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akanijazia kila kitu bila kuniuliza mara mbili. Kisha akanisogezea kishikwambi nisaini.

Kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi wa cherehani, uzi umezungushwa mara nyingi, na ncha ya pili imepigiliwa msumari mezani. Nikaivuta, haikufika mahali pa kusaini. Ikabidi nisogeze kiti.

"Kwani watu wanaiba?" nikamwuliza.

Alikuwa ananitazama mikono.

"Bado hajaiba mtu, Bibi," akasema. "Saini."